Farasi hawakufika Lualaba: wapagazi, mbung'o na shule ya tembo ya Uele

KOLWEZI – Alfajiri, kabla jua halijapanda, wanaume wanaingia mjini wakisukuma kinga zao. Kila kinga imebeba mifuko ya makala mitatu au minne, imefungwa kwa kamba za mpira, na kwenye mpando mwenyewe anaikaza kwa bega. Familia zilizokimbia vita vya Kivu zikiona kinga hizo zinakumbuka chukudu za Goma, zile za mbao zinazoshuka na viazi na kabichi kutoka Kibumba. Mashariki na kusini, jambo ni moja: mzigo unasukumwa na mtu. Hakuna farasi barabarani, hata punda ni nadra kumuona.

Watoto shuleni wanasoma kwamba mahali pengi duniani mwanadamu alipata msaidizi. Waarabu walipata ngamia na farasi, watu wa Lamu walipata punda, Wahindi wakapata tembo. Mbona Katanga mtu alibaki peke yake na mzigo wake? Jibu linaanza na inzi mmoja mdogo, linapita katika fimbo ya ngozi ya kiboko, na linaishia kwenye shule ya ajabu iliyokuwa kaskazini mwa Kongo, ambako tembo walifundishwa kazi kwa nyimbo na viazi vitamu.

INZI ALIYEFUNGA NJIA

Inzi huyo ni mbung'o, anayeitwa pia tsetse. Wazee wa Katanga wanamjua kwa sababu ndiye anayeleta malale, ugonjwa wa usingizi. Kwa wanyama wa kufugwa analeta ugonjwa unaoitwa nagana. Farasi akiumwa na mbung'o mwenye vijidudu hivyo anapata homa, anakonda, macho yanatoa maji, miguu inavimba, kisha anaanguka. Mwaka 1895, daktari David Bruce, akifanya kazi katika nchi ya Wazulu huko Afrika Kusini, alionyesha kwamba vijidudu vya nagana vinaishi katika damu na vinabebwa na inzi huyo. Watu wa pori walikuwa wamejua tangu zamani kwamba kuna njia ambazo ng'ombe hapiti.

Miti ya miombo inayofunika Katanga ni nyumba ya mbung'o. Kwa hiyo shaba ya nchi hii, tangu siku za misalaba ya shaba iliyotumika kama feza, ilitembea kichwani na mabegani mwa watu. Katika karne ya 19 Mfalme Msiri alikaa Bunkeya, ambayo leo iko ndani ya mkoa wa Lualaba. Misafara ilitoka kwake kwenda Benguela upande wa Atlantiki, na mingine kwenda pwani ya Waswahili upande wa mashariki. Shaba, pembe za ndovu, chumvi, hata watumwa, vyote vilikwenda kwa miguu. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, wakati msafara wa Kapteni Stairs ulipokuja kuichukua nchi kwa ajili ya Leopold wa Pili. Bendera ilibadilika, lakini mzigo ulibaki pale pale, juu ya kichwa cha mtu.

NGAMIA WA LIVINGSTONE

Kulikuwa na waliojaribu kupita mbung'o. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, akapita Mikindani akielekea mto Ruvuma. Alikuwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama wao mmoja, nyumbu 2 na punda 4. Alitaka kuona ni mnyama gani angeweza kuvumilia mbung'o.

Jaribio hilo liliharibika, na sababu yake inafaa kukumbukwa. Wanyama waliwekwa chini ya askari waliotoka Bombay. Askari hao hawakuitaka safari. Waliwapakia wanyama mizigo kupita kiasi, waliwapiga, waliwaacha bila kupumzika. Mmoja baada ya mwingine wanyama walikufa. Livingstone alipotazama vidonda vyao hakuweza tena kusema ni nini kilichowaua: inzi au fimbo.

Miaka mitano baadaye Livingstone alifika Nyangwe, katika Maniema, kwenye ukingo wa mto Lualaba, mto ule ule unaopita karibu na Kolwezi na kufungwa na bwawa la Nzilo. Alifika kwa miguu.

TEMBO WANNE WA MSASANI

Mwaka 1879 Leopold wa Pili, ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo, alikuwa na wazo lingine. Tembo wa Uhindi wanafanya kazi na watu tangu maelfu ya miaka, na ngozi yao ni nene. Labda mbung'o hatawaweza. Akalipia tembo wanne, madume wawili na majike wawili, wakatolewa Uhindi pamoja na walinzi wao wa Kihindi. Msafara uliongozwa na Kapteni Carter, mtu wa Irlandi.

Meli ilitia nanga Msasani, karibu na Dar es Salaam. Tembo walishushwa majini wakaogelea hadi ufukweni. Kisha safari ikaanza kuelekea Karema, kituo kilichokuwa kinajengwa kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Barabarani watu walikimbia, halafu wakarudi kutazama. Walikuwa wanamjua tembo kama mnyama anayekanyaga shamba usiku, na sasa walimuona anapiga magoti mtu apande.

Mbung'o waliwauma, na mwanzoni tembo walionekana kama hawajali. Lakini kule Uhindi walizoea kupewa chakula chao kila siku. Huku walitarajiwa kujitafutia porini baada ya kutembea siku nzima na mizigo mizito juu ya milima. Mmoja alikufa Mpwapwa, kisha wengine wakafuata. Karema alifika mmoja tu, jike lililoitwa Pulmalla, na hakuishi muda mrefu. Carter mwenyewe aliuawa Juni 1880 huko Pimbwe, katika vita vya Mirambo, alipokuwa anarudi pwani.

Kwa hiyo somo la Livingstone lilirudiwa kwa gharama kubwa zaidi. Mnyama aliyefundishwa vizuri na watu wengine hawezi kununuliwa kama gari. Kinachomfanya akubali kazi ni chakula chake, mapumziko yake na mtu anayemjua. Ukinunua mnyama bila vitu hivyo, umenunua mwili tu.

SHULE YA API

Miaka 20 baadaye wazo lilirudi, safari hii kwa tembo wa Afrika wenyewe. Wengi Ulaya walikuwa wanasema tembo wa Afrika hafundishiki, wakisahau kwamba Hannibal wa Carthage aliwapeleka vitani tembo wa Afrika ya Kaskazini zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1899 afisa Jules Laplume alipewa kazi ya kukamata tembo katika nchi ya Uele, kaskazini kabisa mwa Kongo. Alianza Kira Vunga, kisha kituo kikahamia Api. Baadaye, wakati wa koloni ya Ubelgiji, kituo kikuu kikawa Gangala-na-Bodio, kwenye mto Dungu, maana yake kilima cha Bodio, mkubwa mmoja wa Wazande.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mitego na mashimo yalivunja miguu ya wanyama, na waliokamatwa walikufa kwa wingi. Polepole njia nyingine ikapatikana. Wakamataji, wengi wao Wazande, walilifuata kundi kwa miguu wakachagua tembo kijana, si mtoto wa kunyonya wala si mkubwa. Risasi zilipigwa kufukuza kundi, na mara nyingine mama aliuawa. Watu wepesi wa mbio walimfikia kijana huyo, wakamfunga kamba mguu wa nyuma, kisha kwenye mti. Ilikuwa kazi ya hatari, na si wote walirudi nyumbani.

Baada ya kamba, fimbo iliwekwa chini. Waliletwa tembo wawili wakubwa waliokwisha kufundishwa, wanaoitwa wasimamizi. Mmoja alisimama kulia kwa mgeni, mwingine kushoto, wakatembea naye hadi kambini. Tembo kijana aliyepoteza kundi lake alipata mabega mawili ya kuegemea. Akitaka kukimbia, hakuzuiwa na mtu, alizuiwa na tembo wenzake, wazito na watulivu.

Kambini kila tembo alipewa mtu wake, kornaki. Kornaki hakuanza kwa kumpanda. Siku za kwanza alikaa karibu tu. Alimpepea kwa majani, alimmwagia maji, alimgusa kwa tawi refu kabla ya kumgusa kwa mkono. Na alimuimbia. Makornaki wa Uele walikuwa na nyimbo za taratibu, zinazorudia maneno machache, na inasemekana sehemu yake ilitoka kwa walimu wa tembo wa Kihindi. Tembo alizoea sauti moja, harufu moja, mkono mmoja wenye kiazi kitamu. Akifanya vizuri alipata kiazi. Akikataa, kornaki alirudi nyuma hatua moja katika somo, hakumaliza hasira yake juu ya mnyama.

Kazi ilikuwa ya asubuhi. Jua likiwa kali tembo walikwenda malishoni, na kila siku waliingia mtoni kuoga na makornaki wao. Ilichukua miezi mingi kabla ya tembo kuvuta gari au jembe bila wasimamizi. Lakini akifika hapo, alilima mashamba na kuvuta mizigo katika nchi ambayo farasi hangemaliza mwaka. Watu wa Kolwezi wanaomjua tembo kwenye chupa ya bia tu wangeshangaa kuona alivyokuwa anapiga magoti kwa neno moja.

FARASI ANAVYOFIKIRI

Walimu wa farasi wa leo wanazungumza lugha inayofanana sana na ya makornaki. Wanasema kwanza mtu akumbuke farasi ni nani. Ni mnyama anayeliwa na wengine. Macho yake yako pembeni ya kichwa ili aone nyuma, masikio yanageuka kila upande, na anapoogopa anakimbia kwanza, anafikiri baadaye. Ukimkimbilia uso kwa uso na kamba mkononi, wewe ni simba.

Kwa hiyo mwalimu anakuja kwa upande wa bega, polepole, na anasimama farasi akisimama. Akitaka farasi asogee anamsukuma kidogo kwa mkono au kwa kamba, na mara tu farasi anapojaribu, hata nusu hatua, anaacha kusukuma. Kuacha huko ndiyo zawadi. Farasi anajifunza kwamba akijibu, anapata raha. Mwalimu anayeendelea kusukuma hata baada ya kujibiwa anamfundisha jambo baya: kwamba kujibu hakusaidii. Farasi wa namna hiyo anakuwa mgumu wa mdomo, au anakuwa kama amekufa macho. Anatii, lakini hayupo.

Xenophon, askari Mgiriki aliyeandika kitabu juu ya farasi miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, alikwisha kusema hivyo: kinachofanywa kwa kulazimishwa kinafanywa bila kuelewa. Wachungaji wa Masisi, ambao wengi wao leo wako ukimbizini bila ng'ombe wao, hawakuhitaji kitabu. Wanajua kwamba ng'ombe anayeitwa kwa jina lake anakuja mwenyewe kukamuliwa.

SUBIRA KWA TEMBO, FIMBO KWA MTU

Hapa historia ya Kongo inauma. Miaka ile ile ambapo Laplume alikuwa anajifunza kutompiga tembo, watu wa Kongo walikuwa wanapigwa kwa fimbo iliyokatwa kwenye ngozi ya kiboko. Hadi leo Waswahili wanaita fimbo hiyo kiboko, kwa jina la mnyama. Kabla ya reli ya Matadi hadi Léopoldville kumalizika mwaka 1898, maelfu ya wapagazi walikufa njiani. Hakuna aliyewapa wasimamizi wawili wa kuegemea. Hakuna aliyepima mzigo wao kwa subira ya miezi mingi.

Hata baada ya Leopold, mambo hayakuisha. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika Afrika ya Mashariki, jeshi la Kongo lilikwenda hadi Tabora na kuuteka mji huo Septemba 1916. Sababu ilikuwa ile ile, mbung'o na ukosefu wa barabara, na jibu likawa lile lile: zaidi ya wapagazi 200,000 walichukuliwa kubeba risasi na chakula. Wengi hawakurudi. Vijiji vya mashariki mwa Kongo vilibaki na wanawake, wazee na watoto.

Katika Katanga, gari la moshi lilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka 1931 reli ikaunganishwa na ile ya Benguela kupitia Dilolo. Mzigo wa shaba ukashuka kichwani mwa mtu ukapanda kwenye behewa. Lakini kuchimba kulibaki kazi ya mikono. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kwa kuandikisha watu kutoka mbali kwa mikataba mifupi. Watu waliugua, walikufa, walitoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha njia. Ikajenga kambi za familia, ikaruhusu wake na watoto, ikatoa posho ya chakula, shule na hospitali. Kolwezi yenyewe ilikua katika utaratibu huo.

Mtu anaweza kusema kampuni ilijifunza somo la kornaki. Kwa nusu ni kweli: mfanyakazi mwenye nyumba na watoto wenye afya hakutoroka. Lakini Desemba 1941, wafanyakazi wa migodi walipogoma wakidai mshahara, askari waliwapiga risasi huko Élisabethville, na makumi ya watu walikufa. Siku hiyo ilionekana kwamba utulivu wa kambi haukuwa ridhaa. Mtu alilishwa vizuri, alilazwa vizuri, lakini alipofungua mdomo hakusikilizwa.

Na kwa haki, hata tembo wa Api hakuanza kwa ridhaa. Alianza kwa kamba mguuni na kwa risasi iliyomtenga na mama yake. Kornaki alijua hilo. Ndiyo maana aliimba usiku. Alikuwa anajaribu kulipa deni ambalo hakulianzisha yeye peke yake.

MAKORNAKI WALIPOTAWANYIKA

Mwaka 1938 nchi iliyo karibu na Gangala-na-Bodio ilifanywa kuwa Hifadhi ya Garamba. Baada ya uhuru, maasi ya Simba ya mwaka 1964 yalipita Uele. Wanyama wa hifadhi waliuawa kwa wingi, na watu wa kituo walipata shida kama raia wengine wote. Miaka ya 1980 walibaki tembo wachache waliozeeka, na watalii wachache walipanda migongoni mwao kuzunguka Garamba. Ilikuwa kama mwangwi wa shule ile.

Miaka ya 1970 Garamba ilihesabiwa kuwa na tembo zaidi ya 20,000. Leo waliobaki ni wachache sana. Desemba 2008 waasi wa LRA waliua raia katika Faradje na vijiji vingine vya jirani, na Januari 2009 walishambulia Nagero, makao makuu ya hifadhi, wakaua na kuchoma. Familia za Dungu zilikimbia. Kati ya waliokimbia nchi hiyo kwa miaka yote hiyo ni wajukuu wa makornaki.

Elimu ya kornaki haikuwa kitabuni. Ilikuwa mkononi na kooni: namna ya kushika tawi, urefu wa wimbo, siku ya kugusa na siku ya kuacha. Baba alimuonyesha mtoto, na mtoto alikuwa na tembo wa kujifunzia. Watu wakitawanyika na tembo wakiisha, jengo linaweza kubaki lakini shule imekufa. Wanaoishi katika kambi za wakimbizi wa ndani wanalielewa jambo hili bila kuelezwa. Waliacha nyumba, lakini waliacha pia kazi walizozijua mikono yao: jibini la Masisi, mashamba ya kahawa, nyavu za ziwani. Mtoto aliyezaliwa chini ya hema hana pa kuonyeshwa.

KINACHOBAKI

Mbung'o bado yuko katika miombo ya Lualaba, ingawa miti imekatwa sana kwa makala na migodi imekula pori. Farasi waliowahi kufugwa katika miji ya shaba walikuwa wa wazungu wenye feza na dawa, wa kupanda siku ya mapumziko. Hawakuwahi kumsaidia mama wa Kolwezi kubeba unga.

Lakini historia ya mnyama aliyekosekana na mnyama aliyefundishwa inaacha kipimo ambacho kinaweza kutumika popote mtu anapomfanyia kazi mwingine, iwe mgodini, shambani au nyumbani. Kornaki alijiuliza maswali machache tu kila jioni. Je, amekula? Je, mzigo ulikuwa wa kiasi chake? Je, alipojibu, niliacha kusukuma? Livingstone hakuwauliza askari wake mapema, na ngamia walikufa. Leopold hakujiuliza, na tembo watatu walianguka kabla ya ziwa.

Asubuhi ya kesho kinga zitaingia tena Kolwezi na makala. Kwenye mpando, mara nyingi kijana mwingine asiyejulikana huweka mkono nyuma ya mfuko na kusukuma hadi juu, halafu anaenda zake. Katika lugha ya Gangala-na-Bodio, huyo angeitwa msimamizi.